Kupima kitanda kwa mwili wa kidijitali kabla ya kukata sponji

Godoro likiandikwa "othopediki" katika maduka ya Kisumu au Nakuru, mara nyingi maana yake ni gumu tu. Ugumu peke yake haushiki mgongo. Anayelala kwa ubavu ana bega pana, kiuno chembamba na nyonga pana, na kila sehemu ina uzito wake. Godoro linalokataa bega lizame humkunja usiku kucha, na lile linalomeza nyonga humkunja upande wa pili. Mwaka 2003 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waliolalia godoro la ugumu wa kati walipata nafuu kuliko waliolalia gumu.

Kwa hiyo swali la fundi ni hili: kila sehemu ya mwili izame sentimita ngapi ili uti wa mgongo ubaki umenyooka? Hilo linaweza kujibiwa kwenye kompyuta, sponji ikiwa bado nzima. Mwongozo huu ni wa seremala na mtengenezaji wa magodoro mwenye laptopu ya kawaida yenye RAM ya GB 8. Programu zote tatu zinazotumika ni za bure: MakeHuman ya kuunda mwili, Blender ya kuukata na kuupima, na LibreOffice Calc ya hesabu.

Anza na miili ya hapa

Kosa kubwa hutokea mapema kabisa: fundi hufungua programu, huchukua mwili uliopo, na kuanza kazi. Miili mingi ya kidijitali imejengwa juu ya vipimo vya Marekani na Ulaya. Mradi wa CAESAR, ambao umelisha modeli nyingi za leo, uliwapima watu wa Amerika Kaskazini, Uholanzi na Italia. Uwiano wa kiwiliwili na miguu hautoki jamii moja hadi nyingine bila kubadilika, na ukiingiza urefu pekee, programu itaiweka nyonga mahali ambapo mteja wako hana nyonga. MakeHuman ina kitelezo (slider, kitufe cha kusogeza) cha kuchagua asili ya Kiafrika, lakini usikichukue kama kipimo cha watu wa Kakamega au Njoro. Kitumie kwa sura, kisha sahihisha kila kitu kwa namba zako.

Pima watu wazima wasiopungua 30 wa kila jinsia, wakiwa na nguo nyepesi na bila viatu. Chukua uzito, urefu, kimo cha ncha ya bega kutoka sakafuni, kimo cha mfupa wa nyonga unaojitokeza ubavuni, upana wa mabega, upana wa kiuno, upana wa nyonga na upana wa kichwa. Upana usipimwe kwa utepe wa fundi cherehani, maana utepe hufuata mzunguko wa mwili. Tengeneza koleo la mbao: rula ya mita moja, kibao kimoja kilichogongwa wima mwanzoni, na kingine kinachoteleza. Bana hadi kibao kiguse ngozi, usiminye.

Upana wa mabega upimwe mara mbili, mtu akiwa amesimama na akiwa amelala kwa ubavu. Ukilala, bega la chini husogea mbele na kujikunja, na upana hupungua. Kwa hesabu ya godoro tumia kipimo cha kulala. Usiandike majina. Namba ya mstari inatosha, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 haipendi vipimo vya mwili wa mtu vikizagaa na jina lake.

Kwa kila kipimo tafuta wastani na mchepuko sanifu, yaani namba inayoonyesha vipimo vimetawanyika kiasi gani kutoka wastani. Wastani kutoa 1.645 mara mchepuko hukupa mtu mdogo wa asilimia 5, yaani watano tu kati ya mia wako chini yake, na ukijumlisha unapata mkubwa wa asilimia 95, ambaye watano tu kati ya mia wanampita. Unda miili mitatu: mdogo, wa kati, mkubwa. Lakini mwili "mkubwa" usiupe kila kipimo cha asilimia 95 kwa pamoja, kwani mtu wa namna hiyo karibu hayupo. Mpe urefu na uzito wa asilimia 95, kisha upana chukua kutoka kwa watu halisi kwenye orodha yako wanaokaribia urefu na uzito huo.

Kuunda mwili na kuuhakiki

Ndani ya MakeHuman weka kwanza jinsia, umri, urefu, kisha unene. Baada ya hapo nenda kwenye vipimo vya sehemu moja moja na urekebishe mabega, kiuno na nyonga hadi zilingane na namba zako. Kitelezo cha uzito hakisomi kilo. Kinanenepesha na kukondesha tu, hivyo uzito utauhakiki baadaye.

Toa mwili kwa faili ya OBJ na uchague mita kama kipimo. Usipochagua, MakeHuman hutumia desimita, na mwili wa sentimita 165 utaingia Blender ukiwa na urefu wa mita 16.5. Ondoa macho, meno, nywele na nguo kabla ya kutoa, la sivyo hesabu ya ujazo itaharibika.

Katika Blender washa nyongeza ya 3D Print Toolbox (kwenye matoleo mapya ipakue kwanza) na usome ujazo. Mwili wa binadamu una uzito unaokaribia kilo moja kwa lita, kwa hiyo mtu wa kilo 75 awe na ujazo wa karibu lita 75. Ukiona 62 au 90, unene haujakaa sawa, rudi MakeHuman. Hatua hii huchukua dakika chache na ndiyo inayotenganisha mwili wa kupimia na picha tu ya mtu.

Sasa ulaze kwa ubavu. Mkono wa chini usogee mbele, magoti yakunjwe kidogo, uti wa mgongo unyooke. Hiyo ndiyo hali unayoitafuta, na godoro lijengwe kuifuata.

Uzito wa kila sehemu

Huhitaji kukisia. Jedwali linalotumika katika elimu ya mwendo wa mwili hugawa uzito hivi: kichwa na shingo asilimia 8.1, kifua 21.6, tumbo 13.9, fupanyonga 14.2, mikono yote miwili 10, mapaja yote mawili 20, na miguu kuanzia goti kushuka chini 12.2. Kwa mtu wa kilo 75, kifua pamoja na mikono ni kilo 23.7, tumbo kilo 10.4, na fupanyonga pamoja na nusu ya mapaja kilo 18.2. Kichwa, kilo 6.1, hubebwa na mto.

Kwa kila sehemu unahitaji pia eneo linalogusa godoro. Katika Blender kata mwili kwa bapa la mlalo, umbali fulani juu ya sehemu ya chini kabisa ya bega au nyonga, kisha soma eneo la uso uliokatwa. Umbali huo ndio kina unachokisia kwamba sehemu hiyo itazama. Kikibadilika, eneo nalo hubadilika.

Jaribu sponji yako mwenyewe

Usitegemee maneno ya dukani kama "heavy duty". Maneno hayo husemea zaidi uzani wa sponji kwa mita ya ujazo, na uzani husema itadumu kiasi gani, hausemi itazama kiasi gani. Sponji nzito inaweza kuwa laini, na nyepesi ikawa ngumu siku ya kwanza kisha ikalala moja kwa moja. Uzani unaupata kwa mizani: godoro la futi 3 kwa 6, unene wa inchi 6, lina ujazo wa mita 0.255 za ujazo. Likiwa na kilo 6.4 bila kitambaa, ni kilo 25 kwa mita ya ujazo. Likiwa na kilo 4.6, ni 18 tu, na hilo usilijengee kitanda cha mtu mzima.

Ugumu upime hivi. Kata kisahani cha plaiwudi chenye kipenyo cha sentimita 20, ambacho eneo lake ni sentimita za mraba 314. Lainisha ukingo kwa msasa. Weka sponji juu ya sakafu ngumu na uibane kwa mkono na kibao mara mbili au tatu hadi ibaki robo ya unene wake, kisha uiache dakika 6. Sponji mpya isiyobanwa kwanza hudanganya kwa kuonekana ngumu. Halafu weka kisahani na juu yake mtungi wa lita 20 wenye maji: lita 4, 9, 14, kisha 19. Mtungi mtupu una kama kilo moja, lakini upime wako. Soma kina baada ya sekunde 60 kila mara, na upime kutoka ubao ulionyooshwa juu ya sponji, maana sponji inayozunguka kisahani nayo huvutwa chini.

Tuseme sponji ya inchi 6, yaani sentimita 15, imetoa hivi: kilo 5 zikazama sentimita 1.5, kilo 10 zikazama 4, kilo 15 zikazama 7, kilo 20 zikazama 9. Huo ndio mkunjo wa sponji yako, yaani mstari unaoonyesha kila uzito unaizamisha kiasi gani.

Hesabu yenyewe

Ili usihangaike na kilopaskali, kipimo cha shinikizo, geuza uzito wa kila sehemu uwe "kilo za kisahani": kilo za sehemu mara 314, gawanya kwa eneo linalogusa. Kifua na mikono, kilo 23.7 kwenye sentimita za mraba 630, ni kilo 11.8 za kisahani. Nyonga, kilo 18.2 kwenye 600, ni 9.5. Ukisoma kwenye mkunjo, bega litazama sentimita 5.1 na nyonga 3.8.

Mwili huu una upana wa mabega wa sentimita 43, kiuno 30, nyonga 38. Nusu zake, yaani umbali kutoka katikati ya uti hadi ubavu wa chini, ni 21.5, 15 na 19. Toa kina cha kuzama: uti uko sentimita 16.4 juu ya uso wa godoro penye bega, na 15.2 penye nyonga. Umepinda kwa sentimita 1.2. Kiuno nacho hakigusi kabisa, kimening'inia zaidi ya nusu sentimita hewani, na kilo 10 za tumbo zinavuta uti chini.

Uti ukinyooka, bega lizame sentimita 2.5 zaidi ya nyonga. Na kiuno kikishikwa, mwili wote ushuke zaidi. Lengo zuri kwa mwili huu ni bega 7.5, nyonga 5, kiuno 1, maana hapo uti unakaa sentimita 14 juu ya godoro katika sehemu zote tatu. Ukishusha mwili hadi hapo kwenye Blender, maeneo yanayogusa yanakua, tuseme hadi 720 kwa bega na 680 kwa nyonga, na kilo za kisahani zinashuka hadi 10.3 na 8.4. Rudia mzunguko huu hadi kina kisibadilike zaidi ya milimita 3. Mara tatu au nne hutosha.

Sasa una oda kamili ya sponji: sehemu ya nyonga izame sentimita 5 ikibebeshwa kilo 8.4 za kisahani, sehemu ya bega 7.5 ikibebeshwa kilo 10.3. Kiuno kinahitaji sponji ngumu inayozama sentimita moja ikibebeshwa kilo 4 au 5. Haihitaji kubeba tumbo zima, kwani uti wenyewe unasaidia. Hapa pia inaonekana kwa nini godoro la inchi 4 halimfai anayelala kwa ubavu. Sentimita 7.5 ni nusu ya inchi 6, lakini ni robo tatu ya inchi 4, na sponji iliyobanwa robo tatu inakuwa kama ubao. Bega linagonga chini.

Mtindo huu unaacha kila sehemu izame kwa uzito wake bila kuvutwa na jirani yake. Mwili wa kweli umeunganishwa, kwa hiyo kupinda halisi kutakuwa kidogo kuliko hesabu. Lakini hesabu ikitoa mstari ulionyooka, basi misuli na mishipa haina kazi ya kufanya usiku, na hilo ndilo tunalotaka.

Kugawa godoro

Kwa mtu wa kawaida, umbali kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa nyonga ni karibu asilimia 29 ya urefu. Wa sentimita 150 ana 43, wa 180 ana 52. Tofauti ni sentimita 9 tu, ndiyo maana godoro moja lenye kanda, yaani sehemu za ugumu tofauti, laweza kuwafaa wengi, mradi kichwa kianze mahali pamoja. Kwa godoro la futi 6, ukipima kutoka upande wa kichwa: mto hadi sentimita 30, bega 30 hadi 55, kiuno 55 hadi 70, nyonga 70 hadi 105, miguu hadi mwisho. Mrefu kupita kawaida, kiuno chake kitaangukia ukanda wa nyonga. Huyo mtengenezee lake.

Bega likihitaji ulaini kidogo tu kuliko nyonga, usinunue sponji nyingine. Tumia sponji ya nyonga na uchonge mifereji upande wa chini, inayokata upana wa godoro: upana sentimita 1.5, kina 9, kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine sentimita 6. Umeondoa robo ya sponji katika tabaka hilo, na kuzama kunaongezeka kwa karibu sehemu moja ya tano. Mifereji ya juu mwili huisikia na kitambaa hukunjamana, kwa hiyo iwe chini. Ukiunganisha sponji tofauti, paka gundi nyuso zote mbili na uzibane zikiwa wima. Gundi ikizidi hukauka kama ubavu mgumu, na mteja ataulalamikia wiki ya kwanza.

Weka alama ya upande wa kichwa kwa uzi wa rangi, tena kubwa. Wengi hugeuza godoro kila baada ya miezi kadhaa, na godoro la kanda likigeuzwa, ukanda laini wa bega unakaa chini ya mashavu ya miguu.

Mto uingie kwenye hesabu. Uti uko sentimita 14 juu; kichwa cha upana wa 15 kina nusu ya 7.5, mto uliobanwa uwe sentimita 6.5, ongeza moja kwa kuwa godoro chini yake nalo linazama kidogo. Kwenye godoro gumu ambapo bega linazama 3 tu, kichwa hicho hicho kingetaka mto wa sentimita 11.

Chaga na fremu

Kazi yote hiyo hupotea chaga zikipinda. Ubao wa saiprasi wa inchi 4 kwa 1, baada ya kupigwa randa hadi milimita 20 hivi, ukiwa na urefu wa futi 4 na kubeba mtungi wa lita 20 katikati, unaweza kushuka kama sentimita moja na nusu. Mzigo wa nyonga hugawanywa kwa chaga tatu au nne, lakini hata hivyo utaongeza kuzama ambako hukupanga. Pima chaga yako kwa mtungi huo huo na ujumlishe.

Kupinda huongezeka kwa mchemraba wa urefu (urefu mara urefu mara urefu) na hupungua kwa mchemraba wa unene. Ukitoka kitanda cha futi 4 kwenda futi 5, chaga ileile inapinda karibu mara mbili, na utahitaji kutoka milimita 20 hadi 25 ili urudi ulipokuwa. Nafuu zaidi ni mhimili wa katikati wenye mguu wake unaofika sakafuni, maana urefu ukigawanywa kwa mbili, kupinda kunabaki sehemu moja ya nane. Nafasi kati ya chaga isizidi sentimita 6, kwani ikizidi sponji inajipenyeza na kupasuka kwa chini. Mbao ziwe zimekauka. Saiprasi mbichi hujikunja na kuacha godoro na mawimbi.

Kitanda cha watu wawili wa uzito tofauti, tengeneza viini viwili vya sponji ndani ya kitambaa kimoja, kila kimoja na hesabu yake. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja usitumie chochote kilichoandikwa hapa: yeye alale kwenye godoro gumu, bapa, lisilo na kanda wala mto.

Kisumu si Molo

Sponji inayokumbuka umbo (memory foam) hubadilika sana na joto. Ile iliyokuwa laini kwenye karakana ya Kibuye saa nane mchana itakuwa ngumu alfajiri Molo, na bega halitazama hadi mwili uipashe moto. Ikiwa mteja yuko nyanda za juu, fanya jaribio la kisahani asubuhi na mapema katika baridi yake, au tumia sponji ya kawaida kwenye kanda zinazobeba na uiache ile nyingine iwe tabaka jembamba la juu.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuona shinikizo juu ya ngozi kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa mfano, hesabu ya kanda haitoshi. Hapo mwili na godoro hugawanywa katika vipande vidogo maelfu na kukokotolewa kwa programu kama CalculiX au FEBio, ambazo pia ni za bure. Sponji ipewe mkunjo wake halisi wa kubanwa. Ukiipa namba moja ya ugumu, matokeo yatakuwa mabaya kuliko hesabu ya mtungi. Kazi hiyo ifanywe pamoja na wahudumu wa afya, na mgonjwa aendelee kugeuzwa kwa saa zilizopangwa hata godoro likiwa zuri vipi.

Hakiki kwa mwili wa kweli

Kabla ya kushona kitambaa, mlaze mtu mwenye vipimo vinavyokaribia modeli yako. Bandika vipande vidogo vya karatasi ya gundi juu ya mifupa ya uti, kutoka chini ya shingo hadi juu ya makalio. Mwache dakika 10 ili sponji itulie. Piga picha kutoka nyuma, kamera ikiwa kimo cha uti wenyewe na umbali wa mita 3, na rula ikisimama karibu na mgongo. Chora mstari mnyoofu kutoka alama ya juu hadi ya chini. Alama yoyote ikiachana na mstari zaidi ya sentimita moja, angalia ni wapi. Kiuno kikiwa chini ya mstari, ongeza ugumu wa ukanda wake. Mstari wote ukipanda kuelekea bega, ongeza kina cha mifereji kwa sentimita moja na upige picha tena. Ukishuka kuelekea bega, umelichonga kupita kiasi, na hapo ni kubadilisha kipande hicho cha sponji, si kukijaza vitambaa.